Kamba ya Kupimia Korongo

Nyinyi walimu vijana mnaokuja kwangu Kiamunyi kila Jumamosi, mnakunywa chai yangu yote na kulalamika kwamba tableti za shule hazitoshi, leo tulieni kidogo. Hazijawahi kutosha. Tangu siku ile ziliposhushwa kutoka kwenye gari na mwalimu mkuu wetu akazifungia stoo pamoja na mahindi ya chakula cha mchana, hazijatosha. Kwa hivyo hilo tuliweke kando. Nataka kuwaambia mambo ambayo hamkufundishwa chuoni, na mojawapo lilininyima usingizi hata baada ya kustaafu.

Mimi ni mtoto wa fundi wa reli. Nilizaliwa hapa Nakuru mjini, wazazi wangu wakiwa wametoka magharibi, lakini sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya Kabazi, kwenye shule ya msingi iliyo juu ya mteremko, mashamba ya viazi na mahindi yakiwa pande zote. Watu wa kule ni wakulima. Mtoto anakuja darasani viatu vikiwa na udongo, na huyo ndiye unayempa kifaa chenye kioo. Kwa hivyo somo la kwanza la teknolojia kwangu lilikuwa beseni la maji na taulo. Msicheke. Kioo kikishikwa na vidole vyenye udongo kinakwaruzika, na kikikwaruzika hakiitiki tena, na mtoto anaanza kukigonga kama mlango wa choo kilichofungwa.

Jambo la pili nililifundishwa na naibu wa mwalimu mkuu, marehemu sasa, mzee Kiprono. Kiprono hakuweza kutuma ujumbe wa simu bila kuvua miwani, kuifuta na kuivaa upya. Lakini alikuwa na sheria moja ambayo niliichukia kwa muda mrefu: hakuna kikundi kitakachogusa tableti kabla hakijachora kwenye karatasi kile kinachotaka kupiga picha au kurekodi. Nilimwona anatuchelewesha. Siku moja hakuwepo, nikawaachia Gredi ya Nne watoke na tableti moja kwa moja wakapige picha za mimea. Walirudi na picha za pua zao, picha za pua za wenzao, na video ndefu ya ndama wa jirani akiramba kioo. Mmea mmoja tu ulionekana, na ulikuwa mdomoni mwa huyo ndama. Kiprono aliporudi nilimwonyesha mwenyewe. Akaitazama video yote hadi mwisho, akasema, "Ndama ametoka vizuri," akaenda zake kunywa chai.

Tangu hapo tulichora kwanza. Na tuligawana kazi. Mkiacha watoto wajipange wenyewe, yule ambaye baba yake ana simu nzuri nyumbani ndiye atakayeshika tableti kuanzia mwanzo wa muhula hadi mwisho, na wengine watajifunza mgongo wake. Katika kila kikundi changu kulikuwa na mwenye kushika, mwenye kueleza, mwenye kuandika na mwenye kutafuta makosa, na kila wiki walibadilishana. Hiyo kazi ya mwisho hakuna aliyeipenda. Ni kazi ya kuwaambia marafiki zako kwamba walichofanya hakiko sawa. Wengi waliifanya kwa kunung'unika.

Kuhusu wazazi kuwafanyia watoto miradi, nadhani mnajua. Kuna baba aliniletea mfano wa volkano wa mbao na simenti, una taa ndani, umepakwa rangi vizuri kuliko ofisi yetu. Nikamuuliza mtoto taa imeungwaje. Akasema, "Madam, hiyo fundi ndio anajua." Basi nikawa nasisitiza mradi ufanyiwe mahali ambapo mzazi hawezi kuufanya, na ufanywe kidogo kidogo kwa muda mrefu, ili mtu asije akaukamilisha kwa usiku mmoja. Ndivyo tulivyofika kwenye korongo.

Chini ya shule kulikuwa na shamba la mama mmoja mzee ambaye watoto wote walimwita Shosho, kwa sababu mjukuu wake Nyambura alikuwa darasani kwangu, Gredi ya Tano, na Nyambura alimwita hivyo. Nyambura aliishi naye. Chini ya nyumba yao udongo ulikuwa umekatika. Kila mvua kubwa ikipita, korongo lilipanda mteremko na kula kipande kingine cha shamba, likielekea nyumbani. Shosho alikuwa na mwana wake anayeitwa Kamande, mfanyabiashara wa viazi huko Bahati, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimwomba ahamie kwake. Shosho alikataa. Mume wake, ambaye Nyambura alimwita guka, alikuwa amezikwa nyuma ya jiko, na alisema hawezi kumwacha huko peke yake kama ng'ombe aliyepotea. Hatimaye Kamande alichoka kuomba, akasema likizo ya Desemba anakuja na lori, mama atake asitake.

Watoto ndio waliochagua korongo liwe mradi wao wa mazingira. Wangelipiga picha kila Ijumaa, waziweke picha zote pamoja, waone linavyokwenda. Niliupenda mradi huo. Niliogopa pia, maana ukingo wa korongo haumjui mtoto wa nani. Kwa hivyo nikaleta kamba ya katani kutoka nyumbani. Nikawaambia: mtu mmoja mkubwa, yaani mimi, ataiweka ncha ya kamba ukingoni, kamba itanyooshwa kuja juu, na pale itakapoishia ndipo mpiga picha atakaposimama, wala hakuna atakayevuka hapo. Kwa njia hiyo watakuwa salama. Na tena, kwa kuwa umbali ni ule ule kila mara, picha zitalingana. Mwalimu mkuu alisifu kamba ile mbele ya walimu wote. Kiprono naye aliitikia kwa kichwa, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Watoto waliishika sheria hiyo kama amri za Mungu. Ijumaa ya mvua, Ijumaa ya jua, kamba ilinyooshwa, picha ikapigwa. Sijawahi kuona darasa lenye nidhamu namna ile, na niliwaambia hivyo.

Siku ya wazazi ikafika. Tulifunika madirisha kwa magunia, tukawasha projekta, tukaonyesha picha moja baada ya nyingine ukutani. Korongo lilikuwa pale pale. Ukingo wake ulikuja mahali pale pale kwenye kila picha, umbo lake likibadilika kidogo tu. Wazazi walipiga makofi. Kamande alikuwa amesimama nyuma, kofia mkononi. Akasema kwa sauti ili mama yake asikie, "Kumbe hii kitu ilisimama. Mum, ilisimama!" Na Shosho, aliyekaa kwenye dawati la mbele, akageuka akamwambia, "Si nilikuambia? Wewe ndio ulikuwa unataka kunihamisha na lori."

Walicheka. Mimi pia nilicheka. Kamande alikuja kunishika mkono, akaniambia nimempumzisha, kwamba pesa za lori sasa atanunulia mama ng'ombe wa maziwa. Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha ambayo hata sasa naionea aibu.

Baada ya siku chache tulianza kujitayarisha kwa maonyesho ya shule mjini Nakuru. Watoto waliziunganisha zile picha ziwe video, zipite haraka haraka. Wiki hiyo Nyambura ndiye aliyekuwa mwenye kutafuta makosa katika kikundi chake. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye ukaidi wa bibi yake, na aliichukua kazi hiyo kwa uzito. Aliitazama video, akairudisha mwanzo, akaitazama tena. Wenzake wakaanza kumsukuma, "Maliza bana, iko sawa." Akaniita.

"Madam, hii ni kamba ya nguo yetu."

Nikainama. Kwenye picha za mwisho, pembeni, ilionekana kamba ya kuanikia nguo ikiwa na blanketi la Shosho jekundu. Nikamwambia ndiyo, limetoka vizuri, linapendezesha picha.

"Lakini Madam, tukianza, kamba ya nguo ilikuwa nyuma yetu. Mimi ndio nilikuwa napiga. Niliiweka sweta yangu hapo nyuma. Sasa imefika mbele aje?"

Nilirudisha picha ya kwanza. Kamba ya nguo haikuwepo. Nikaja ya katikati, haipo. Nikaja za mwisho, ndiyo hiyo hapo na blanketi lake, mbele ya mpiga picha. Kamba ya nguo haikuwa imetembea. Tulikuwa tumerudi nyuma. Kila Ijumaa niliweka ncha ya kamba yangu ukingoni, na ukingo wenyewe ulikuwa umepanda, nasi tukarudi nyuma kulingana nao kwa utiifu, tukapiga picha kutoka umbali ule ule, na korongo likaonekana limesimama. Tungekuwa wazembe, tungesimama ovyo ovyo, pengine mtu angeona mapema. Na wanaoishi nalo walilizoea, maana lilikula kidogo kidogo tu kila wiki.

Hebu shikeni hili, hata mkisahau mengine yote niliyowaambia. Ukitaka picha zikuonyeshe kitu kinachotembea, pima kutoka kwa kitu kisichotembea. Chomeka nguzo mbali na hatari, simama hapo kila mara, na nguzo hiyo iangaliwe isihame. Sisi tulipima kutoka kwa mwizi mwenyewe.

Niliwaeleza watoto. Wengine walianza kulia kwa sababu ya maonyesho, na siwalaumu, walikuwa wamefanya kazi. Lakini Nyambura hakuwa analilia maonyesho. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, anatazama dirishani kuelekea kwao.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tumalize maonyesho kwanza, kisha tuite wazazi kwa utaratibu, tusije tukawatia watu hofu. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milima ya Aberdare tangu asubuhi. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi naenda sasa," nikachukua kamba, nikamchukua Nyambura, tukateremka.

Shosho alikuwa anamenya viazi mlangoni mwa jiko. Alinikaribisha, akataka kuweka chai. Nikamwambia chai itangoja, nikamweleza. Nilieleza vibaya, nadhani, kwa haraka na maneno mengi ya darasani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisu kikiendelea kumenya.

"Mwalimu," akasema, "si ni wewe ulituonyesha kwa ukuta? Na watu wote wakaona?"

"Ni mimi, Shosho."

"Sasa leo unaniambia hiyo ilikuwa uongo."

"Picha hazikuwa uongo. Sisi ndio tulisimama mahali pabaya."

"Mimi nimeona na macho yangu," akasema. "Hapa sitoki. Huyo mzee nitamwachia nani?"

Nilimtazama nikaona nimeshindwa. Siku ya wazazi nilikuwa mwalimu aliyeleta picha, na picha zilimwambia kile alichotaka kusikia. Leo nilikuwa mwanamke mwenye maneno tu. Kumbukeni hilo mnapowasha projekta mbele ya watu wazima. Kitu kikishaonekana ukutani, kukiondoa kichwani mwa mtu ni kazi ngumu kuliko kukiingiza.

Nyambura akachukua kamba mkononi mwangu. Akamshika bibi yake mkono, akamwinua, viazi vikamwagika chini, akampeleka hadi kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Akampa ncha moja ya kamba.

"Shosho, shika hapa. Usiachilie."

Yeye akaanza kuteremka na ncha ile nyingine. Nilitaka kumzuia, nikajizuia mwenyewe, nikateremka nyuma yake nikiwa nimemshika sweta. Alitakiwa anyooshe kamba yote ndipo afike ukingoni. Ndivyo tulivyopima kila Ijumaa. Tulifika ukingoni kamba ikiwa bado imelegea, nyingi yake imelala kwenye majani. Chini ya miguu yetu udongo ulikuwa mpya, mwekundu, mizizi ikining'inia.

Nyambura akageuka. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti darasani hata siku moja.

"Shosho, ona kamba! Tukianza mradi, hapo umesimama palikuwa nyuma yetu. Sasa ukitaka kupiga picha lazima uingie jikoni. Picha ni zetu. Ya kwanza nilipiga mimi. Nilikosea, Shosho. Usiamini hizo picha, niamini mimi!"

Shosho aliitazama kamba iliyolala. Akaivuta kidogo kwake, ikaja, akaivuta tena, ikaja. Alikuwa mkulima, amepima mashamba kwa kamba maisha yake yote, na hakuhitaji tena mtu wa kumweleza. Akakaa chini pale pale kwenye nyasi. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Pigia Kamande simu."

Kamande alifika na lori kabla ya jua kuzama. Aliuliza habari za baba yake, kama wangeweza kumfukua wamhamishe. Lakini jambo hilo linataka kibali, linataka ukoo ukae, linataka mchungaji, na mawingu hayakuwa yanangoja kikao. Wakachukua vitanda, masufuria, mbuzi, ile kamba ya nguo na blanketi lake. Shosho alikwenda nyuma ya jiko akakaa huko kwa muda, na hakuna aliyemfuata.

Mvua ilinyesha wikendi hiyo kama mnavyoijua inapoamua. Jumatatu asubuhi jiko halikuwepo. Nusu ya nyumba ilikuwa imekwenda, na chumba walimokuwa wakilala Nyambura na bibi yake kilikuwa katika hiyo nusu. Kaburi nalo lilikuwa limekwenda. Tulisimama mbali, mimi na watoto, na sikuhitaji kumwambia yeyote asisogee.

Maonyesho tulikwenda. Watoto wenyewe walisema twende. Nyambura alionyesha picha zao mbele ya waamuzi na kueleza kwa nini hazifai, na jinsi ambavyo zingepaswa kupigwa. Mwamuzi mmoja alimuuliza kwa nini basi ameleta mradi ulioshindwa. Hatukupata kitu. Aliyeshinda alikuwa na volkano yenye taa, na siwezi kuapa, lakini nadhani yule fundi ninamjua. Niliudhika sana siku hiyo kuliko inavyomfaa Mkristo.

Nyambura alihamia shule ya Bahati. Nilipata nafasi ya kwenda kuwaona likizo ilipoanza. Nilimkuta amekonda, hataki kushika hata simu ya mjomba wake. Shosho alinivuta kando akaniambia mtoto halali, anaamka anazungumza habari za korongo. Tukaketi mezani tukiwa watatu, chai mbele yetu. Nilijaribu kumwambia Nyambura kwamba alifanya kazi ambayo watu wazima na vyeti vyao hawakuifanya. Aliangalia kikombe chake.

"Madam, ningeangalia vizuri picha kabla ya siku ya wazazi," akasema, "tungejua mapema. Guka angehamishwa. Sasa guka ameenda na maji, hata hatujui ako wapi. Ni juu yangu."

Mimi niliyeleta kamba ningemwambia nini? Nilimtazama Shosho, nikiogopa atakachosema, maana hilo kaburi ndilo lililomfunga pale miaka yote hiyo, na mbele yangu hakuwa amelitaja hata mara moja tangu wahame.

Shosho aliweka kikombe chini. Akamshika mjukuu wake kidevu, akamgeuza uso amtazame.

"Guka yako alikuwa ashakufa," akasema. "Mimi na wewe tulikuwa hatujakufa."

Kisha akammiminia chai nyingine, akamwambia anywe kabla haijapoa.